Dakika Nne

Baba humimina chai ingali inanguruma.
Ndivyo walivyokunywa wanaume wa nyika hii,
upande huu wa mto Gorgan, baba na babu:
kibakuli mkononi, mvuke usoni, kimya.
Anayepuliza huchekwa.
Anayesubiri huulizwa kama ana homa.

Mama naye alikunywa hivyo,
ameketi mbele ya mtande wa zulia,
funda, fundo, funda, fundo,
hata siku mkate ulipokataa kushuka.
Akauchovya kwenye chai. Ukakataa.
Akausogeza pembeni ya sahani
akasema hana njaa.
Alisema hana njaa miezi mitano.

Husemwa maji ya moto hayachomi nyumba.
Kweli. Nyumba yetu imesimama.
Zulia liko pale pale, limefika nusu,
nyuzi nyekundu zinaning'inia alipoziachia.

Mwaka uliofuata alikuja Tazegul wa zahanati
na kipimajoto mfukoni,
akakitumbukiza katika kibakuli cha Baba bila kuomba ruhusa.
"Sabini na nne, Hajiberdi. Ngoja ishuke chini ya sitini.
Dakika nne tu, haikuombi zaidi."
Akataja na mengine: tumbaku ile ya chini ya ulimi,
nyama isiyojua jani wala tunda.
Baba akamtazama kama anayepima kondoo wa kununua.
"Nikifanya yote hayo, sitaugua?"
Tazegul alikuwa anavaa viatu mlangoni.
"Nimesema hupunguza. Sikusema huondoa."

Baba akanywa. Sabini na nne yote.

Sikubishana. Kubishana na Baba
ni kumsukuma ngamia aliyelala.
Nilimwuliza tu, jioni, kibakuli kikiwa njiani:
"Mama alivaa nini siku mlipomleta hapa?"
Mkono ukasimama hewani.

Hatukuwa tumelitaja jina lake tangu mazishi.
"Nyekundu," akasema. Kisha: "Lakini viatu
vilikuwa vya kaka yake. Mvua ilinyesha,
lori likazama tope hadi ekseli,
na wanaume wote tukasimama tukishauriana.
Amansoltan akashuka, bibi arusi, na vito vyake vyote,
akaweka bega."
Akacheka, mara moja, kama mtu aliyejikwaa.
Alipokikumbuka kibakuli, mvuke ulikwisha ondoka.
"Imepoa," akanung'unika.
Akainywa.

Kesho yake niliuliza juu ya kovu la kidole gumba.
Keshokutwa, kwa nini Mama alichukia tikiti maji
ilhali alilima ekari nzima.
Siku nyingine jibu huwa fupi,
nami hulivuta kwa maswali ya kijinga:
lori lilikuwa rangi gani? Dereva aliitwa nani?
Siku nyingine hajibu kabisa, hunywa moto,
na sina la kufanya ila kutazama koo lake
likipanda, likishuka.

Kopo la tumbaku bado limo kwenye koti;
usiku nasikia kifuniko kikilia.
Nyanya, anasema, ni chakula cha sungura.
Anakula mbili.

Sijui dakika nne zinanunua nini.
Labda zilikuja zimechelewa, kwake yeye,
labda hata kwangu, niliyeanza kunywa moto
kabla meno hayajamaliza kuota.
Najua tu kwamba ndani yake Mama
anasukuma lori.

Leo asubuhi mbuzi alikuwa anazaa, nikakawia zizini.
Nilipoingia nikamkuta Baba peke yake,
chai imemiminwa, haijaguswa,
kidole chake juu ya ukingo wa kibakuli.
"Hujaniuliza kitu," akasema.
Na kweli sikuwa na swali, lilikuwa limeniishia.

Akaelekeza kidevu kwenye mtande.
"Fundo lake. Alikufundisha?"
"Kidogo."

Nikanawa mikono, nikaketi mahali pake.
Fundo la kwanza lilikuwa baya.
La pili nikalifumua.
Nyuma yangu Baba hakusema neno,
na chai ikaendelea kupoa.